Mama amemeza iodini yenye mionzi: je, kiti alichokalia na shuka alizolalia navyo vina mionzi?

*«Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Siku tatu zilizopita alimeza kidonge cha iodini 131 cha megabekereli 400 na akaruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tumeambiwa asilale na mtoto wala asimpakate kwa wiki tatu. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu amezoea kulala kifuani kwa bibi yake, na mimi mwenyewe nina mimba ya miezi minne. Nilimkumbatia mama alipotoka hospitalini kabla sijajua lolote. Nimesoma kwamba nusumaisha ya iodini hiyo ni siku 8. Je, si kweli kwamba siku ya 16 itakuwa imekwisha yote? Je, kiti, vyombo na shuka anazotumia navyo sasa vina mionzi? Jirani anatushauri tuchemshe kila alichogusa na tumpe mama dawa ya kusafisha damu. Na kati ya alfa, beta na gama, mama anatoa ipi, na je, ni sawa na ile ya simu?»*

Nianze na jambo ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Kule kumkumbatia mama hakukukudhuru wewe wala mtoto aliye tumboni, na baadaye nitakuonyesha hesabu yake ili usilazimike kuniamini kwa maneno matupu. Masharti mliyopewa kuhusu mtoto mdogo, hata hivyo, ni ya kweli na yanafaa kufuatwa, na siku ya 16 haitakuwa mwisho wa mionzi.

Hofu karibu zote ninazozisikia kwa familia zilizo katika hali yenu hutokana na kuchanganya vitu viwili: mionzi yenyewe, na kitu kinachotoa mionzi. Mionzi hutoka, husafiri, hupenya au hukwama, na papo hapo imekwisha. Haikai kwenye kiti, haijifichi kwenye nguo, wala haimwambukizi mtu. Kinachoweza kumwagika, kukauka kwenye kitambaa na kuingia mdomoni ni iodini, ambayo ni dutu kama dutu nyingine yoyote. Ukishikilia tofauti hiyo, masharti yote ya hospitali yataanza kuleta maana, na mengine ambayo majirani huyaongeza utayaona hayana msingi.

Kila atomi ina kiini, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomi ni ya elementi gani. Zikiwa 53, hiyo ni iodini, iwe imetoka kwenye chumvi au kwenye kidonge cha hospitali. Iodini ya kawaida, ile ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza homoni za tezi, ina nyutroni 74, na kiini chake kimetulia. Iodini 131 ina nyutroni 78, na hizo nne zilizozidi zinatosha kukiondolea kiini utulivu wake. Tezi haina njia ya kuzitofautisha, kwa sababu kikemia iodini zote mbili ni kitu kimoja, na hapo ndipo penye ujanja wote wa tiba hii: tezi inayojivutia iodini kwa pupa inajivutia yenyewe dawa itakayoipunguza nguvu.

Kiini kisichotulia lazima kibadilike. Katika iodini 131 nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, na katika tendo hilo elektroni moja hutupwa nje kwa kasi kubwa, pamoja na chembe nyingine ndogo mno iitwayo antinyutrino, ambayo hupita katika kila kitu bila kukigusa na haina madhara kwa yeyote. Elektroni hiyo iliyotupwa ndiyo mionzi ya beta. Kiini sasa kina protoni 54, kwa hiyo si cha iodini tena. Kimekuwa cha zenoni 131, gesi isiyopenda kuungana na kitu na isiyo na mionzi. Kwa kawaida kiini hicho kipya hubaki na nishati ya ziada, nacho huitoa mara moja kwa umbo la mwali wa gama, mara nyingi wenye nishati ya kiloelektronivolti 364. Atomi hiyo ikishafika hapo imemaliza, na haitatoa mionzi tena.

Ni lini hasa atomi fulani itavunjika, hakuna awezaye kutabiri, na si kwa sababu vyombo vyetu ni duni. Ndivyo maumbile yalivyo. Mzee wa miaka 90 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa mwaka huu kuliko kijana wa miaka 20, lakini atomi haizeeki: ile iliyokaa wiki nane bila kuvunjika ina uwezekano uleule wa kuvunjika katika sekunde inayofuata kama iliyotengenezwa leo asubuhi. Kwa iodini 131, uwezekano huo ni takriban moja kati ya milioni moja kwa kila sekunde. Bekereli moja ni mvunjiko mmoja kwa sekunde, kwa hiyo megabekereli 400 ni mivunjiko milioni 400 kila sekunde, na ili kuipata idadi hiyo kidonge kilihitaji kuwa na atomi zipatazo trilioni 400 za iodini 131. Ukiiandika kwa sifuri zake zote, namba hiyo inatisha. Lakini uzito wa atomi zote hizo haufiki hata sehemu moja kati ya milioni kumi ya gramu.

Kutokana na uwezekano huo usiobadilika ndipo nusumaisha inapopatikana. Kila baada ya siku 8, nusu ya atomi zilizokuwapo mwanzoni mwa siku hizo 8 huwa zimevunjika, na si nusu ya zile za siku ya kwanza kabisa. Kosa ulilolifanya katika hesabu yako ni la kawaida sana. Megabekereli 400 zikiachwa ndani ya chupa, siku ya 8 zitakuwa 200, siku ya 16 zitakuwa 100, siku ya 24 zitakuwa 50, na siku ya 32 zitakuwa 25. Robo nzima bado ipo siku ile uliyodhani yote imekwisha. Baada ya nusumaisha 10, yaani siku 80, hubaki chini kidogo ya sehemu moja kati ya elfu.

Mama yako si chupa, na hilo ni kwa faida yenu. Iodini ambayo tezi haikuichukua hutolewa na figo kwa mkojo, sehemu kubwa ikitoka katika siku mbili za kwanza, na hata iliyo ndani ya tezi huachiliwa polepole pamoja na homoni. Kwa hiyo kiasi kilicho mwilini hupungua haraka kuliko siku 8 peke yake zinavyoonyesha. Hii ndiyo sababu wiki tatu mlizopewa zinatosha, ingawa hesabu ya chupa ingeonekana kudai zaidi. Sharti hilo halisubiri iodini iishe kabisa. Linasubiri ipungue hadi kiwango ambacho kumpakata mtoto hakutampa mionzi ya kujali.

Sasa kuhusu aina za mionzi. Henri Becquerel aligundua mwaka 1896 kwamba urani hutoa mionzi bila kuchochewa na chochote, na miaka mitatu baadaye Ernest Rutherford aliigawa mionzi hiyo kulingana na uwezo wake wa kupenya: akaiita alfa ile inayozuiwa upesi, na beta ile inayopenya zaidi. Mwaka 1900 Paul Villard aliona aina ya tatu, yenye kupenya kuliko zote, ambayo baadaye ikaitwa gama. Alfa ni kipande kizito cha kiini, chenye protoni mbili na nyutroni mbili, na iodini 131 haiitoi kabisa. Kwa hiyo hiyo iondoe mawazoni. Mama yako anatoa beta na gama, na kila moja ina kazi yake.

Beta ndiyo inayotibu. Elektroni zinazotupwa na iodini 131 haziendi zaidi ya takriban milimita 2 ndani ya nyama ya mwili, na nyingi husimama kabla ya kufika milimita moja. Humaliza nguvu zao zote ndani ya tezi kwa kung'oa elektroni za atomi zinazokutana nazo, na hivyo kuharibu seli zilizo jirani. Hazitoki nje ya shingo ya mama, na hata ukiweka shavu lako shingoni mwake beta hiyo haitakufikia. Gama ni habari nyingine. Ni mwanga usioonekana, wenye nishati kubwa, na sehemu yake kubwa hupita kwenye nyama na ngozi na kutoka nje. Madaktari huitumia kupiga picha ya tezi, na ndiyo hiyohiyo inayotufanya tumweke mtoto mbali.

Wasomaji wengi huzipanga aina hizi tatu kama ngazi, alfa ikiwa salama na gama ikiwa hatari kuliko zote. Mpangilio huo ni sahihi ikiwa chanzo kiko nje ya mwili tu, kwa sababu alfa huzuiwa na karatasi moja au hata na tabaka la juu la ngozi yetu. Chanzo kikiingia ndani, ngazi hugeuka juu chini: polonio 210 au gesi ya radoni, ambazo hutoa alfa, humwaga nishati yote katika eneo dogo mno la seli hai. Kwa hiyo swali la kuuliza daima lina sehemu mbili kwa pamoja: ni mionzi gani, na chanzo chake kiko wapi?

Swali hilo linaturudisha kwenye kiti na shuka. Mionzi ya beta na gama ya nishati hii haiwezi kukifanya kitu kingine kianze kutoa mionzi. Kiti kilichopigwa na gama ya mama kwa saa nzima ni kiti kilekile. Mionzi yenye uwezo wa kugeuza viini vya vitu vingine kwa kiasi kikubwa ni nyutroni, kama zile za ndani ya tanuri la nyuklia, na mama yako hatoi hizo. Tofauti kati ya kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na chanzo chake ilionekana kwa uchungu huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Mashine ya kutibu saratani iliachwa katika kliniki iliyohamwa, watu wakaichukua kama vyuma chakavu na kukifungua kifuko chake cha sizi 137, dutu nyingine inayotoa mionzi. Wagonjwa waliokuwa wametibiwa kwa mashine hiyo katika miaka iliyotangulia walikuwa wakipigwa na gama ya sizi ileile na kurudi makwao bila kubeba hata chembe; lakini unga uliokuwa ndani, uliokuwa uking'aa buluu gizani na watu wakaupaka mwilini na kugawiana, ulichafua nyumba na watu wengi, na wanne walifariki. Nakutajia kisa hicho kwa ajili ya tofauti hiyo tu. Kiasi kilichokuwamo na kidonge cha mama havilinganishwi hata kidogo.

Kinachoweza kuchafua nyumbani kwenu ni iodini inayotoka mwilini mwa mama kwa mkojo hasa, na kwa kiasi kidogo kwa mate na jasho. Kwa hiyo kijiko alichokilamba, mto uliolowa mate, taulo na nguo za ndani vinaweza kubeba chembe za iodini, ilhali kiti alichokalia akiwa na nguo safi hakina la kuogopwa. Dawa yake ni maji na sabuni ya kawaida. Nguo na shuka zake zifuliwe peke yake, vyombo vyake vioshwe vizuri kabla ya mwingine kuvitumia, anawe mikono kila atokapo chooni na amwage maji zaidi ya mara moja. Kuchemsha hakuongezi kitu, kwa kuwa moto hugusa elektroni za nje ya atomi, na kiini hakina habari nao; iodini 131 inayochemka huvunjika kwa mwendo uleule kama iliyogandishwa. Kama kuna kitu kilicholowa ambacho hakifuliki, kifungeni ndani ya mfuko na mkiweke pembeni kwa siku 80 zile nilizozitaja.

Dawa ya kusafisha damu ningeiacha kabisa. Hakuna mchanganyiko unaoinyofoa iodini iliyokwisha kushikwa na tezi, na baadhi ya dawa hizo zina iodini nyingi ya kawaida au huathiri tezi kwa njia nyingine, jambo litakaloivuruga tiba. Vilevile usinunue vidonge vya iodini kwa ajili yako au mtoto kwa sababu ulisikia vinatumika katika ajali za nyuklia. Mama anywe maji ya kutosha na aende haja ndogo mara kwa mara.

Sasa ile hesabu niliyoahidi. Siku ya kwanza, megabekereli 400 za iodini 131 humpa mtu aliye umbali wa mita moja takriban maikrosieverti 20 kwa saa (sieverti ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umepokea; maikrosieverti 1,000 ni milisieverti 1). Umbali ukizidishwa mara mbili kiwango hushuka hadi robo, yaani maikrosieverti 5 ukiwa mita mbili, na ukisogea hadi sentimita 30 hupanda kufikia kama 220. Kumkumbatia kwa dakika moja kulikupa, kwa makadirio haya, chini ya maikrosieverti 4. Kila mtu duniani hupokea kwa wastani milisieverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na ndani ya mwili wake mwenyewe, ambamo potasiamu 40 ya asili huvunjika mara kama 4,000 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya maikrosieverti 6 kwa siku. Lile kumbatio halikufikia kiasi cha siku moja ya kawaida.

Chukua hesabu hiyohiyo uipeleke kwa mtoto anayelala kifuani kwa bibi. Kwa sentimita 30, saa tano za usingizi katika usiku wa kwanza zinatosha kumpa milisieverti 1, ambayo ndiyo kikomo cha mwaka mzima kinachopendekezwa kimataifa kwa mtu wa kawaida, juu ya ile ya asili. Usiku mmoja wa aina hiyo haungemfanya augue, lakini siku kumi za namna hiyo si jambo la kuruhusu bila sababu, hasa kwa kuwa tezi za watoto wadogo huathirika na mionzi kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana sharti linahusu kulala na kupakata, wala si kupita mlangoni na kusalimia. Mtoto akimkimbilia bibi na kumshika mguu kwa sekunde chache kabla hamjamdaka, hakuna lililoharibika.

Mna njia mbili. Mama anaweza kwenda kukaa kwa ndugu ambaye hana watoto wala mjamzito nyumbani, au abaki nanyi akiwa na chumba chake, nawe ulale na mtoto. Ya kwanza ni rahisi kuisimamia, maana mtoto wa umri huo haelewi kwa nini bibi hambebi, na kilio chake kitawashinda usiku wa pili. Ya pili inamwepusha mama na upweke wa kujiona ametengwa kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza, nami nimeona upweke huo ukiwaumiza wagonjwa kuliko tezi yenyewe. Kama nyumba ina nafasi na kuna mtu mzima mwingine wa kusaidia, ningechagua ya pili. Kama mnalala chumba kimoja, mama aende kwa ndugu mpaka wiki tatu ziishe.

Kwa upande wako, kuna jambo moja la ziada. Tezi ya mtoto aliye tumboni huanza kukusanya iodini kuanzia takriban wiki ya 10 hadi ya 12, na wewe umeshapita hapo. Kukaa chumba kimoja na mama, mita mbili mbali, mkizungumza, hakuna tatizo. Ila kazi ya kufua nguo zake na kusafisha choo mpe mtu mwingine, na usimalizie chakula wala kinywaji alichokigusa kwa mdomo. Uambie kliniki yako ya wajawazito yaliyotokea, kisha muombe mtaalamu wa fizikia tiba wa hospitali iliyompa mama kidonge akuhesabie kiasi halisi kwa kutumia vipimo vya mama. Kufanya hivyo ni sehemu ya kazi yake, na hesabu yake itakuwa bora kuliko makadirio yangu ya mbali.

Simu naipitia haraka. Mawimbi yake ni ya jamii moja na mwanga na gama, lakini nishati ya kila chembe yake ni ndogo mno kiasi kwamba haiwezi kung'oa elektroni kwenye atomi. Hayatoki kwenye kiini chochote, na simu ikizimwa yamekoma.

Usingoje jibu la mtu yeyote mtandaoni ikiwa mama ataanza kupumua kwa shida, shingo ikivimba ghafla, au moyo ukimwenda mbio pamoja na homa kali, kuchanganyikiwa au kutapika. Mpelekeni hospitali mara moja, waambieni wahudumu tarehe na kiasi cha iodini aliyopewa, wala msichelewe kwa kuogopa kwamba atawadhuru. Mgonjwa wa dharura huhudumiwa kwanza, mionzi hushughulikiwa baadaye. Asianze wala kuacha dawa zake za tezi bila kuambiwa na daktari wake. Na hata akijisikia vizuri kabisa, arudi kupimwa damu kwa tarehe aliyopewa, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja hadi miwili, kwa sababu wagonjwa wengi tezi yao huishia kufanya kazi chini ya kiwango baada ya tiba hii. Akianza kuhisi baridi isiyo ya kawaida, uchovu na kunenepa bila sababu, hiyo ni dalili inayotarajiwa na ina dawa ya vidonge vya kila siku.